Mwaka Niliolamba Dawa ya Maabara

Mama Sadia alizikwa Alhamisi kabla ya jua kutua, na Ijumaa asubuhi nilikuwa nimeketi kwenye mkeka nyumbani kwake Bulla Pesa, hapa Isiolo, kikombe cha chai ya maziwa ya ngamia mkononi, nikilia bila haya. Mimi ni nesi. Kazini nimefunga macho ya watu wengi na kuwaambia jamaa zao poleni kwa sauti ya kawaida. Hapo sauti ilikataa kabisa. Mama mmoja nyuma yangu alimnong'oneza mwenzake, "Huyu Mmeru ni nani yake?" Mwenzake akasema, "Alikuwa anamfanyia kazi ya maziwa, kitambo." Sikugeuka. Ni kweli nilimfanyia kazi ya maziwa, na kama ingekuwa hiyo tu ningetoa pole yangu, nikamaliza chai, nikaenda zamu. Lakini kuna mwaka mmoja ambao mimi na yeye tuliuishi na jambo moja kifuani, na sasa nimebaki nalo peke yangu. Huo ndio nataka kuusimulia. Ya kuzaliwa kwangu na ya wazazi wangu yatangoja.

Chumba cha maziwa kilikuwa nyuma ya maduka, mlango wa mabati ya buluu, sakafu ya simiti isiyokauka. Maziwa ya ngamia yalitoka Kulamawe juu ya gari, kwenye mitungi ya plastiki iliyofungwa vitambaa shingoni ili kila mama ajulikane mtungi wake. Ile mitungi hufukizwa moshi wa kuni ndani kabla ya kutiwa maziwa, kwa hivyo chumba kizima kilinuka moshi, na nguo zangu, na nywele zangu, hata watoto wangu. Kazi yangu ilikuwa kuonja. Mtungi ukifunguliwa nanusa, nachovya kidole, naweka ulimini, nasema "sawa" au "weka kando." Mtungi mmoja ulioanza kuchacha ukimwagwa pamoja na mingine, mzigo wote wa Nairobi umeharibika, na wale kina mama kule Kulamawe hawana kitu kingine cha kuuza. Palikuwa na kifaa cha kupimia kwenye rafu, lakini Mama Sadia alikitazama kama mgeni aliyekaa sana. "Ulimi kwanza," alisema kila siku. Alinifundisha mwenyewe, akisimama nyuma yangu na mtandio wake umefungwa kiunoni, akinirudisha kwenye mtungi uleule mpaka nijue tofauti. Mwishowe mkono wangu ukawa unaenda mdomoni wenyewe. Hata nyumbani nikipika, nikishika dawa ya mtoto, nikifungua chupa ya mafuta, kidole kinatangulia.

Nami nilitaka uuguzi. Nilikuwa nimeutaka tangu nimalize shule, lakini chuo kilitaka C ya bayolojia na angalau C ya chini ya kemia, na mimi nilikuwa nimepata D mbili safi kabisa. Kwa hivyo mwaka ule, nikiwa na Mutwiri wa chekechea na Kinya ambaye bado alikuwa ananyonya, nilijiandikisha kurudia mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kibinafsi. Baba Mutwiri alikuwa upande wa Garbatulla na kampuni ya barabara, akija nyumbani akipata nafasi. Nilimwambia kwa simu. Akasema, "Sawa, jaribu. Lakini watoto wasikae na njaa juu ya kitabu." Nilisomea kitandani, mtoto mmoja kila upande, nikitaja sehemu za moyo polepole huku githeri ikichemka. Mutwiri alijua valvu za moyo kabla ya kujua kufunga kamba za viatu. Na nilikuwa naogopa, jamani. Naogopa Mama Ekai, jirani yangu kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, atachoka kunishikia mtoto. Naogopa wasichana wa sare kule shuleni wataniita shosho, kama bibi yao. Naogopa kufeli tena, mtaa mzima ujue kwamba akili yangu ni ileile.

Maabara tulipewa Jumamosi, katika shule moja ya kutwa, sisi wakubwa wachache na vijana waliotaka marudio. Mwalimu Guyo alikuwa kijana mpole, mdogo kwangu, ananiita "mama" na bado ananitolea macho nikichelewa. Jumamosi ile nilitoka chumba cha maziwa moja kwa moja, mikono inanuka moshi. Mbele ya kila mmoja aliweka chupa ndogo ya kitu kisicho na rangi. "Chunguzeni, muandike mnachoona," akasema. Rangi, hakuna. Harufu, hakuna. Na mkono wangu ukachovya kidole, ukakiweka ulimini. Haikuchukua hata muda wa kupepesa jicho. Ilikuwa tamu. Tamu kidogo, halafu mdomo ukakauka. Nikameza, kama ninavyomeza maziwa. Na nilifurahi, wallahi nilifurahi, nikajiona najua jambo ambalo wale vijana hawajui. Nikataka kuandika "tamu", nikaangalia huku na huku, nikaona hakuna mwingine aliyelamba, nikapaacha pale wazi. Kemikali ya kumalizia jaribio ilikuwa imeisha shuleni, mwalimu akasema tutaendelea Jumamosi ijayo. Mimi hata sikungoja mwisho. Matiti yalikuwa yamejaa yanauma, maziwa yameanza kulowesha blauzi. Nilikimbia nyumbani, nikamchukua Kinya kwa Mama Ekai, nikaketi mlangoni nikamnyonyesha mpaka akalala na kiganja chake kifuani pangu.

Jumamosi iliyofuata kemikali ilikuwa imekuja. Tuliweka tone, na kile kitu kikageuka manjano ya kung'aa, manjano nzuri sana, vijana wakapiga kelele. Mwalimu Guyo akatabasamu. "Hiyo manjano inawaambia nini? Kuna madini ya risasi ndani. Ile ya kwa betri ya gari. Muoshe mikono vizuri, hiyo ni sumu. Kwa mtoto ndio mbaya zaidi, inaenda kwa ubongo." Alisema hivyo akifuta ubao, kama mtu anayekumbusha watu wafunge dirisha. Mimi nilikuwa nimeshika neli ya kioo, na nakumbuka niliirudisha kwenye kishikio chake taratibu sana. Nikajiambia, uliza. Nyoosha mkono uulize: je, mtu akilamba? Je, akilamba halafu anyonyeshe wiki nzima? Sikuuliza. Niliogopa kwamba atanifukuza maabara, na zaidi ya hapo niliogopa jibu. Niliosha mikono kwa sabuni mpaka mwenzangu akaniuliza kama nimeungua.

Siku ile ile nilimwachisha Kinya. Nilipompakata alipapasa blauzi kama kawaida, nikamtoa. Akacheka, akidhani ni mchezo, akarudi. Nikamtoa tena. Alilia kilio ambacho sijakisikia tena hata wodini. Nilimpa uji, akautema. Nilimpa maziwa ya ngamia kwa kikombe, akakipiga teke kikombe. Kifua changu kilikuwa kigumu kama jiwe, nikakamua maziwa yangu kwenye beseni na kuyamwaga nje penye mtaro, nikimtazama paka asije akayaramba. Ndani ya ploti kuta ni nyembamba. Mama Ekai alisimama mlangoni mwangu, mikono kiunoni. "Mama Mutwiri, huyo mtoto ni mdogo. Unamnyima nini?" Nikasema ni wakati tu. Akanitazama tumboni. Na mimi kwa hofu niliyokuwa nayo sikuelewa anatafuta nini huko.

Yeyote aliyelea mtoto Isiolo angeelewa. Hapa kwetu mama akimwachisha mtoto ghafla, mtoto bado mchanga, maana ni moja tu: ameshika mimba nyingine, na maziwa ya mama mjamzito yanamdhuru anayenyonya. Ndivyo wanavyoamini, Waborana kwa Waturkana, na hata sisi Wameru tuliambiwa hivyo na mama zetu. Na Baba Mutwiri hajaonekana tangu mvua. Na mimi kila Jumamosi naenda shule kwa mwalimu kijana. Watu walijumlisha wenyewe. Nikienda kuchota maji, mazungumzo yanakatika. Muuza miraa wa pale kona, mtu wa kwetu, aliniambia, "Dada, hii kusoma yako inazaa matunda," na wenzake wakaangua kicheko. Nilimcheka pia, nikidhani ananitakia heri. Mungu wangu, jinsi nilivyokuwa mjinga mwaka ule.

Aliyenifungua macho ni Mama Sadia. Asubuhi moja nilifika, nikanyoosha mkono kwenye mtungi wa kwanza, akaufunika kwa kiganja. "Leo hapana. Wewe osha mitungi." Nikauliza kwa nini. Akawatoa wanawake wengine nje, akarudisha mlango. "Mwanamke ako na mimba, ulimi yake inadanganya. Maziwa mzuri anasema mbaya, maziwa mbaya anasema mzuri. Nilikuwa nangoja uniambie mwenyewe. Mama Mutwiri, mimi si polisi, sikuulizi ni ya nani." Nikasema sina mimba. Akasema, "Kila mtu anasema uko nayo." Nikaapa. Akasema, "Basi mtoto umemtoa titi kwa sababu gani?" Na hapo, katikati ya mitungi, nikiwa na brashi ya kuoshea mkononi, nilimwambia yote: chupa, kidole, utamu wake, wiki nzima ya kunyonyesha, ubongo wa mtoto. Mama Sadia alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza, "Ni sumu ya nyoka ama sumu ya panya?" Nikasema ni sumu ya betri. Akaketi juu ya mtungi. "Ya Rabbi," akasema. "Ni mimi nilikufundisha kulamba."

Hakunipa moyo. Siku hizi nikiwafundisha manesi wapya huwa nawaambia wawape watu moyo, lakini Mama Sadia hakunipa, na nilimshukuru, maana ningejua ananidanganya. Alivaa viatu, akaenda kwa Mama Ekai, akamchukua Kinya, akamvua nguo zote pale pale juani. Alimwangalia fizi, akamvuta kope, akambonyeza tumbo, akamsimamisha aone miguu. Ndivyo nilivyomwona akifanya kwa ndama wa ngamia. Halafu tukaenda kliniki, yeye mbele. Daktari wa pale alinisikiliza, akaandika kidogo, akavua miwani. Alisema kulamba mara moja hivyo, yawezekana sana mtoto hajapata kitu. Kipimo chenyewe hakipo hapa. Mama Sadia akamwambia, "Sema vizuri, amepata ama hajapata?" Daktari akasema, "Mama, siwezi kuapa. Mwangalie akikua. Mwangalie kama ataongea kwa wakati wake." Alisema kwa nia njema. Lakini tangu hapo sikumsikia Kinya akilia au akicheka bila kutega sikio nisikie kama kuna neno ndani yake.

Nikaamua kuacha shule. Nilimwambia Mama Sadia tukirudi, mtoto mgongoni kwake, kwamba nimemaliza na vitabu, nitaonja maziwa hadi nizeeke. Alisimama katikati ya barabara, punda wa kubeba maji wakitupita. "Uache? Umeshalamba sumu yao, halafu uache? Basi umelamba bure!" Alikuwa amekasirika kabisa. "Mtoto nipe mimi mchana. Wewe enda usome. Ukikuwa nesi, hiyo kitu daktari ameshindwa kuapa, utakuja uniambie mwenyewe." Kuhusu uvumi alisema ataushughulikia, na sijui aliwaambia nini wale wanawake, lakini wiki hiyo hiyo Mama Ekai aliniletea samaki wa kukaanga bila sababu, na yule muuza miraa akawa ananiamkia kwa adabu.

Kwa hivyo Kinya alikulia mwaka ule kwenye chumba cha maziwa, kwenye kikapu kwanza, baadaye akitambaa kati ya mitungi, baadaye akiishikilia atembee. Na kila siku Mama Sadia alimpima. Anapiga makofi nyuma ya sikio lake. Anaficha kifuniko chini ya mtandio aone kama atakitafuta. Anajificha nje ya mlango na kumwita. Nikifika kutoka masomoni ananipa ripoti kabla ya salamu: "Anasikia. Amekula. Amecheka na mimi. Hajaongea." Siku nyingine: "Amegombana na paka, akili iko. Hajaongea." Watoto wa rika lake kwenye ploti walikuwa wameshaanza, mama, baba, maji, lete. Binti wa Mama Ekai alikuwa anaimba. Kinya ananyoosha kidole tu na kuguna. Nilikuwa nasoma habari za mfumo wa fahamu, ukurasa wenye picha ya ubongo wa mtu, na ninafunga kitabu kwa sababu siwezi kuutazama. Nilikuwa naamka kumgusa. Nilimwimbia maneno sikioni, neno moja mara nyingi mpaka likapoteza maana. Baba Mutwiri alipokuja nilimwambia mtoto ameachishwa kwa ajili ya mtihani, akakubali, akamrusha juu, akasema, "Huyu ni mtulivu, amenichukua mimi." Nilitoka nje nikasimama chooni hadi machozi yakaisha.

Mtihani wa vitendo wa kemia ulipokaribia, hofu ilihamia kidoleni. Nilikuwa na hakika nitalamba tena. Kila Jumamosi mkono ulikuwa unainuka nusu, naukamata. Nilimwambia Mama Sadia kwamba siku ya mtihani, nikiwa na woga, sitaukamata. Alicheka kwa mara ya kwanza katika jambo lile. "Mtoto tunamwachisha titi na nini?" Nikasema shubiri. "Basi wewe tutakuachisha kidole." Akakata shubiri nyuma ya nyumba yake, akanipaka yale maji yake vidole vyote kumi, kila asubuhi na kila jioni. Uchungu wake, weh! Nilikula ugali kwa kijiko. Kuonja akaonja yeye mwenyewe siku hizo zote, akiniita nisimame karibu nisije nikasahau kazi. Siku yenyewe nilijifunga pia kitambaa mdomoni, na msimamizi wa mtihani akanijia mbio. "Toa hiyo, tuone uso. Umeficha majibu?" Nikakitoa. Vijana wa sare wakanitazama. Chupa ilikuwa mbele yangu, haina rangi, haina harufu, na mkono wangu ukapanda, mbele ya macho yangu nikauona unapanda, hadi ile harufu ya shubiri ikanifikia puani kabla ya kidole kufika. Nikaushusha mezani. Nikaandika nilichokiona kwa macho, jasho likidondokea karatasi.

Nilipata C ya bayolojia na C ya chini ya kemia, sawasawa na walichotaka, hata tone la ziada halikuwepo. Matokeo yaliingia kwenye simu nikiwa nafungua mitungi, nikapiga nduru, wanawake wote wakapiga vigelegele. Mama Sadia alinikumbatia, kisha akaninong'oneza, "Hajaongea bado." Tuliachana tukatazamana. Kinya aliongea mimi nikiwa chuoni tayari, mvua za masika zimeanza, na wenzake wameshajua kutukana. Mbuzi aliingia kwenye chumba cha maziwa, mtoto akasimama mbele yake akamwambia, "Toka!" Mama Sadia alinipigia simu katikati ya darasa, akaniwekea tu simu karibu na mtoto, nami nikamsikia akimfukuza yule mbuzi.

Leo Kinya ni msichana mrefu, na mdomo wake hauna breki. Hesabu zinamlemea. Zinawalemea watoto wengi, mimi mwenyewe zilinilemea, na Mutwiri hakunyonya sumu yoyote na bado alifeli. Hayo yote nayajua, nimesoma, na niliyosoma yananiambia kwamba tone lile pengine halikufika popote. Pengine. Nilipohitimu nilimwendea Mama Sadia kama tulivyoahidiana, nikiwa na sare yangu nyeupe, nikamwambia siwezi kuapa mimi pia. Akasema, "Sawa," akanimiminia chai. Hatukuligusa tena. Miaka yote hii nilidhani yeye amelisahau, na kwamba hofu ilikuwa imebaki kwangu tu, kila Kinya akileta ripoti ya shule na mimi nikiifungua nikiwa nimesimama.

Ijumaa ile kwenye mkeka, Sadia mwenyewe, binti yake mkubwa, alikuja akaketi karibu nami, macho yamevimba. Kinya alikuwa jikoni na wasichana wengine, tunamsikia akiwaamuru jinsi ya kupanga vikombe. Sadia akasema, "Mama alichanganyikiwa mwishoni, ujue. Kinya alikuwa anakuja kukaa naye kila siku baada ya shule, anamsimulia mambo hadi mimi nachoka. Akitoka tu, mama ananishika mkono ananiuliza, 'Huyo mtoto anaongea vizuri?' Namwambia, mama, si amekupigia kelele hapa jioni yote? Anasema, 'Ndiyo, lakini wewe unamsikia? Anaongea vizuri?' Kila siku hivyo. Hata ile siku ya mwisho." Alifuta uso kwa ncha ya mtandio. "Alikuwa anaogopa nini?"

Nilitaka kumjibu. Nilifungua mdomo, na kule jikoni Kinya akaangusha kitu, akacheka, akasema neno refu la haraka ambalo halikunifikia vizuri, na mimi, mtu mzima, nesi, katikati ya watu wa msiba, nikatega sikio kwanza.